Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuchagua kempa trela kwa wanaozunguka Australia

Kila mwaka ikifika mwezi wa tisa hivi, watu wakianza kupanga likizo ya Krismasi, haya maswali yanarudi yale yale, so nimeyaweka pamoja. Ni kwa Waswahili tulioko huku Australia. Sheria nyingi za trela zinatofautiana kati ya jimbo na jimbo, kwa hiyo kabla hujatoa hela cheki pia na mamlaka ya barabara ya jimbo lako.

Kempa trela ni kitu gani hasa, si ndio karavani?

Hapana. Kempa ni trela fupi, la chini, hema lake limekunjwa juu, ukifika unalifungua unapata kitanda kilichoinuka kutoka ardhini, jiko la kuvuta pembeni na droo za vyombo. Karavani ni chumba kizima cha kuta ngumu. Uzuri wa kempa uko barabarani: linakaa chini ya usawa wa paa la gari, upepo haulipigi sana, kioo cha nyuma bado kinaona, na mafuta hayakauki kama ukivuta karavani. Ubaya wake ni kwamba kila ukihama lazima ukunje, na mvua ikikukuta asubuhi unakunja hivyo hivyo limelowa.

Kuna aina ngapi na mimi nichukue ipi?

Usianze na aina, anza na swali moja: utakuwa unahama kila siku au unakaa sehemu moja wiki nzima? Hapo ndipo watu wengi wanachanganya, wanaona jiko la stenlesi linang'aa kwenye maonyesho wanasaini, kumbe safari zao ni za kuhama kila siku na hema walilonunua linataka vigingi ishirini na nguzo sijui ngapi.

Yale ya sakafu laini, ambayo hema linafunguka nyuma na sakafu yake ni turubai linalolala chini, ndio mepesi na ndio bei rahisi, na yana nafasi kubwa sana ya familia. Ila kuyasimamisha ni kazi. Yanafaa ukienda beach unatulia wiki nzima. Ya sakafu ngumu, kifuniko chenyewe cha trela ndio kinageuka sakafu, unazungusha winchi au unasukuma na hema linanyanyuka, ni haraka zaidi na hulali karibu na tope, lakini uzito unapanda na nafasi inapungua. Yanayofunguka kuelekea mbele ndio yamependwa sana miaka hii, yana kitanda kikubwa na viti vya kukaa ndani vinavyogeuka kitanda cha watoto, ila mengi hayo yakiwa yamejazwa yanapita kilo 1,500 kirahisi tu.

Alafu kuna yale madogo ya umbo la tone la maji, kitanda ndani, jiko nyuma, hakuna hema la kusimamisha. Kwa watu wawili wanaohama kila siku mi sioni kitu kinachoyashinda. Na kuna yale ya paa gumu linalopanda kwa kuzungusha mpini, vitanda vinavutwa mbele na nyuma, mazuri kwa watoto lakini ya kawaida yametengenezwa kwa lami, sio kwa barabara za vumbi.

Nina RAV4, inaweza kuvuta?

RAV4 ipi? Hili sio swali la utani. RAV4 haibridi iliyokuja mwaka 2019, ile ya kuvuta magurudumu yote manne inaruhusiwa kilo 1,500 trela likiwa na breki, lakini ile ile haibridi ya kuvuta magurudumu ya mbele tu inaruhusiwa kilo 480. Kilo 480! Kwa nje huwezi kuzitofautisha. Kwa hiyo usisikilize mtu anayekwambia "binamu yangu anavuta na RAV4 hana shida", fungua kitabu cha gari lako, tafuta ukurasa wa kuvuta trela, soma namba yako wewe. Na angalia pia ile toba (chuma cha kuvutia trela) iliyofungwa nyuma, ina kibati chake kimeandikwa uwezo wake, saa ingine toba ni dhaifu kuliko gari. Namba ndogo kati ya hizo ndio inayokuhusu.

ATM, GTM, GVM, GCM... hizi herufi mnanichanganya, nieleze taratibu.

Sawa, kaa chini, hapa ndipo pesa yako ilipo.

ATM (sio ile ya kutoa hela) ni uzito wa juu kabisa wa trela likiwa limebeba kila kitu, limesimama lenyewe bila kufungwa kwenye gari. GTM ni ule uzito unaokaa kwenye magurudumu ya trela likiwa limefungwa kwenye gari, manake sehemu nyingine imeshahamia kwenye boli (lile tufe la chuma nyuma ya gari ambapo trela linafungwa). Uzito mtupu unaandikwa tare, na hapo hakuna maji, hakuna gesi, hakuna godoro lako wala sufuria. GVM ni ya gari: uzito wa juu wa gari na kila kilichomo, pamoja na ule uzito wa trela unaolala kwenye boli. GCM ni gari na trela kwa pamoja.

Ukitoa tare kwenye ATM unapata mzigo unaoruhusiwa kubeba. Kuna kempa zinauzwa zina tare 1,300 na ATM 1,500, muuzaji anakuonyesha tangi la maji lita 120 na mitungi miwili ya gesi kwa furaha. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukijaza tangi umebakiwa na kilo 80 za mitungi, friji na chakula chake, hema la kibaraza, viti, nguo za watu wanne na baiskeli ya mtoto. Hapo umezidisha kabla hujatoka getini. Mi nikiangalia kempa naenda kwanza kwenye kile kibati cha namba kilichopigwa ripiti kwenye mkono wa trela (ile nguzo ya mbele inayofika kwenye gari), jiko nitaliangalia baadaye.

Lakini ute (pikapu) yangu inavuta kilo 3,500, si naweza kuvuta chochote?

Kwenye tangazo, ndio. Tupige hesabu ya mfano. Gari tupu kilo 2,150, GVM 3,050, GCM 5,900. Ukivuta trela la 3,500, gari lako na vyote vilivyomo havitakiwi kuzidi 2,400. Manake una kilo 250 tu. Baba, mama na watoto watatu wameshazimaliza, na bado hujaweka bulbar (ngao ya chuma ya mbele), friji, wala zana.

Sasa chukua kempa la kilo 1,400 kwa gari hilo hilo. GCM haikubani tena, kinachokubana ni GVM: 3,050 toa 2,150 unabaki na 900, toa 140 za kwenye boli, una 760 za watu na mizigo. Hiyo ndio tofauti ya safari ya raha na safari ya kuomba Mungu kwenye kila mlima. Ndio maana nang'ang'ania watu wachukue trela jepesi hata kama gari lina nguvu.

Uzito wa kwenye boli uwe kiasi gani na naupimaje?

Kwa hapa Australia watu wanakwenda na takriban asilimia 10 ya uzito wa trela, na usizidi kiwango kilichoandikwa cha gari na toba. Ukiwa mdogo sana trela linaanza kuyumba, ukiwa mkubwa sana gari linakaa chini nyuma, mbele linanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi na usiku taa zinawapiga madereva wenzako machoni.

Kwa kempa nyepesi mizani ya bafuni inatosha kama boli lako liko chini ya kilo 150 hivi. Paki trela mahali pa tambarare, weka vizuizi kwenye matairi lisibingirike, weka mizani chini ya kichwa cha trela, juu yake simamisha kipande cha mbao chenye urefu wa kufikia usawa wa boli, alafu nyanyua lile gurudumu dogo la mbele mpaka uzito wote ukae kwenye mbao. Soma. Pima likiwa limejaa vitu kama la safari, sio tupu, tupu haikwambii kitu. Na uzito mzima pima kwenye mizani ya umma, zipo nyingi, hata dampo nyingi za taka zina mizani na ada yake ni ndogo tu.

Breki ni lazima?

GTM mpaka kilo 750, sio lazima. Kuanzia hapo mpaka 2,000 lazima breki angalau kwenye magurudumu ya ekseli moja, na zile zinazojifunga zenyewe trela linapolisukuma gari kwa nyuma zinakubalika. Ukipita 2,000 magurudumu yote lazima yawe na breki, uziendeshe ukiwa ndani ya gari, na lazima kuwe na breki inayojifunga yenyewe trela likichomoka, ikae imefunga angalau dakika 15.

Maoni yangu: hata trela la kilo 900 chukua lenye breki za umeme, na weka kontrola nzuri (kidhibiti cha hizo breki) karibu na mkono wako. Mteremko mrefu wa kutoka milimani na watoto nyuma sio mahali pa kubania dola mia chache.

Cheni za usalama: trela mpaka kilo 2,500 angalau moja, zaidi ya hapo mbili. Zikiwa mbili zipitishe kwa kupishana chini ya mkono wa trela ili likichomoka lidakwe lisichimbe lami.

Boli la kawaida au ile hitchi (kiungo cha trela) ya ofrodi?

Lami na vumbi la kawaida, boli la milimita 50 linatosha kabisa. Ukitaka kwenda kwenye mabonde na mawe ambapo trela linapinda pembe za ajabu, chukua ile inayozunguka pande zote kama DO35. Kama huendi huko usilipie.

Kurudi nyuma na trela kunanishinda, kuna trela rahisi zaidi?

Lipo. Lenye mkono mrefu. Trela fupi lenye mkono mfupi linakata kona ghafla kabla hujajua, lile refu linakupa muda wa kurekebisha. Watu wanadhani dogo ndio rahisi, kumbe kwa kurudi nyuma ni kinyume.

Mbinu: shika usukani kwa chini. Mkono ukienda kushoto trela linakwenda kushoto, kulia kulia. Nenda polepole mno, geuza kidogo kidogo, likianza kujikunja songa mbele unyooke uanze upya, hakuna aibu. Mwenzio asimame mahali unapomuona kwenye kioo, akipotea kwenye kioo simama. Na mkubaliane ishara za mikono mapema, maana makelele ya mume na mke saa moja jioni kwenye karavani paki ni burudani ya bure kwa kambi nzima. Jumamosi asubuhi nendeni kwenye paki kubwa tupu mfanye mazoezi.

Trela likianza kuyumba barabarani nifanyeje?

Usikanyage breki kwa nguvu na usipambane na usukani. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani moja kwa moja, na kama una breki za umeme bonyeza kwa mkono ile kontrola ili trela peke yake livutwe nyuma, litanyooka. Likitulia tafuta sehemu salama usimame upange mizigo upya. Mara nyingi chanzo ni vitu vizito vimewekwa nyuma kabisa: maji, spea mbili, jenereta kwenye bampa. Vizito vinakaa chini na karibu na ekseli.

Matairi na beringi, kuna la kuzingatia wakati wa kununua?

Sana. Omba trela lenye rimu na matairi sawa na ya gari lako, nati zile zile. Hilux na Prado zina nati sita kwenye duara la milimita 139.7, na kempa nyingi za ofrodi zinapatikana kwa kipimo hicho, kwa hiyo spea ya gari inaingia kwenye trela na ya trela inaingia kwenye gari. Ukiwa Kimberley, porini kaskazini mwa Western Australia, na pancha mbili utaelewa. Kama una RAV4 au gari lingine la nati tano, hakikisha trela lina spea yake.

Beringi ndio inayowaacha watu wengi kando ya barabara. Kila ukisimama kuweka mafuta zunguka trela, sogeza kiganja karibu na kitovu cha kila gurudumu. Vuguvugu sawa. Upande mmoja ukiwa wa moto sana kuliko mwingine, una shida ya beringi au breki inayoshika, usiendelee. Beba seti moja ya beringi, sili zake na kopo la grisi, na uziweke grisi upya kila mwaka au kila kilomita 10,000 hivi, kama umepita kwenye maji ya mto fanya mapema.

Turubai jipya linavuja, nimeuziwa bovu?

Labda hapana. Turubai la pamba au mchanganyiko wa pamba linatakiwa liloweshwe kabla ya safari ya kwanza. Lisimamishe nyumbani, limwagie maji na bomba mpaka liloe kabisa hasa kwenye mishono, liache likauke kabisa, rudia mara mbili tatu. Nyuzi zinavimba na kuziba vile vitundu vya sindano. Usipofanya hivyo usiku wa kwanza wa mvua matone yanafuata mishono yanakudondokea kichwani.

Na ukikunja likiwa limelowa, ukifika nyumbani lifungue siku hiyo hiyo au kesho yake. Ukungu mweusi ukishaingia kwenye turubai hautoki.

Muuzaji anasema linafunguka dakika mbili, kweli?

Kitanda, labda. Muulize pamoja na kibaraza, kuta zake na vigingi. Bora zaidi usimuulize, mwambie afunge lote alafu mfungue wewe na mwenzio, yeye akae pembeni mikono mfukoni. Alafu mlikunje tena. Zipu ikigoma pale kwenye yadi yake isiyo na upepo, porini itakuwaje.

Betri na sola kiasi gani?

Kwa friji ya kompresa ya lita 40 hadi 50, taa na simu, kadiria Ah (ampea-saa, kipimo cha umeme wa betri) 40 hadi 50 kwa siku, joto likiwa kali zaidi. Betri ya AGM (aina ya betri ya risasi) ya Ah 100 usiitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo una siku moja. Lithiamu ya Ah 100 unatumia karibu yote, na ina uzito wa kama kilo 12 wakati AGM inakaribia 30. Bei iko juu lakini kwa trela jepesi inalipa. Sola ya wati 200 inatosha wengi, ile ya kukunja ni nzuri kwa sababu trela linakaa kivulini na sola inakaa juani. Magari mapya altaneta zake zinapunguza chaji zenyewe, hivyo weka ile chaja ya DC kwenda DC kwenye trela, waya wa moja kwa moja hautajaza betri.

Kwenye karavani paki soketi ni za ampea 15, plagi yake ina pini moja pana. Nunua waya wake halisi. Usiitie tupa ile pini ili iingie kwenye soketi ya nyumbani, nimeona watu wanafanya.

Sisi ni familia ya watu saba, tunafanyaje?

Hapa gari ndio linaamua. Kluger na Carnival zinavuta mpaka kilo 2,000 zikiwa na trela lenye breki, lakini watu saba ndani wameshakula karibu mzigo wote wa gari, kwa hiyo mizigo yote inahamia kwenye trela na trela lazima liwe na nafasi hiyo kwenye ATM. Kwa familia kubwa mi nashauri kempa la sakafu laini lenye kibaraza chenye kuta, wazazi juu, watoto wanatandikiwa chini kwenye kibaraza, au vijana wakubwa wapewe hema lao. Ni rahisi na jepesi kuliko kutafuta trela moja lenye vitanda saba. Na mkikaa sehemu moja siku nne tano ile kazi ya kusimamisha haiumi, mikono ipo mingi.

Nataka la mkononi, nicheki nini?

Linganisha VIN (namba ya utambulisho) kwenye chasisi na kwenye rego (karatasi ya usajili), alafu lipia ule utafutaji wa PPSR (rejista ya serikali ya mali zenye madeni) wa dola 2 ujue kama lina deni la mtu. Lala chini uangalie chasisi, hasa pale mkono unapoungana na mwili na pale springi zinaposhikwa: rangi mpya sehemu moja tu inamaanisha kuna ufa au kutu imefichwa. Fungua hema lote, nusa. Ukisikia harufu ya ukungu ondoka. Vuta kila zipu. Jeki kila gurudumu ulizungushe kwa mkono usikilize, alafu litikise juu na chini. Uliza cheti cha gesi. Kama kile kibati cha uzito hakipo, hata bei ikiwa ya kutupa, achana nalo, bima na rego vitakusumbua.

Kama hujawahi kabisa, kodi kwanza wikiendi moja.

Nina P-plate (leseni ya muda ya dereva mpya), naruhusiwa?

New South Wales mwenye P1 (hatua ya kwanza ya P) haruhusiwi kuvuta trela lenye uzito mtupu zaidi ya kilo 250, manake kempa hapana. Victoria mwenye P1 kwa kawaida haruhusiwi kuvuta kabisa. Mwenye leseni kamili ya gari dogo hahitaji leseni nyingine. Spidi nayo: cheki mwisho wa spidi ya kuvuta trela kwa kila jimbo utakalopita.

Tunataka kwenda Perth kwa kupitia Nullarbor (ile tambarare kavu ya kusini), kempa lolote litafaa?

Litafaa, ile ni lami mwanzo mwisho, karibu kilomita 1,200 kutoka Ceduna mpaka Norseman, na kati ya Caiguna na Balladonia kuna kilomita 146.6 hakuna kona hata moja. Jaza mafuta kila penye kituo, upepo wa mbele unakunywa mafuta vibaya, na paki kabla ya jua kuzama kwa sababu ya kangaruu. Gibb River Road, kule Kimberley, ndio hadithi nyingine, kilomita 660 hivi za vumbi na mawe, inapitika kiangazi chao cha kaskazini, kama mwezi wa tano hadi wa kumi. Hapo unahitaji trela la ofrodi kweli, springi nzuri, shokapu, ngao ya mawe mbele, na milango yenye mpira mzuri wa kuzuia vumbi, la sivyo utakula unga wenye vumbi jekundu wiki nzima. Punguza upepo wa matairi ya gari na ya trela, punguza na mwendo.

Na kingine ambacho watu wetu wanasahau: ukiingia Western Australia pale mpakani wanakagua gari na trela, matunda, mboga na asali havipiti. Ukirudi mashariki ukaguzi uko Ceduna. Kwa hiyo ile friji uliyoijaza ndizi za kupika, pilipili na mchicha wa bustani ya mama, pikeni vyote usiku wa mwisho kabla ya mpaka.